UZI: Wikendi ya kwanza ya ski (kuteleza kwenye theluji) milimani kwa mwanafunzi wa ughaibuni. Buti, mavazi, lifti, bima na namna ya kuanguka

Msomi_Ughaibuni:
Wakuu, habari za muda huu. Chama cha wanafunzi kinapeleka watu Alps. Basi linaondoka chuoni Ijumaa jioni, Jumamosi na Jumapili mlimani, usiku wa Jumapili tunarudi. Mlima wenyewe uko nchi ya jirani, ng'ambo ya mpaka. Uzoefu wa ski: sifuri. Urefu sm 172, kilo 70, kiatu namba 42. Naomba kujuzwa: nikodi nini, nivae nini, mwalimu ni lazima au rafiki anayejua anatosha, na kibali changu cha mwanafunzi kinanivusha?

fundi_baindingi:
Mkuu, anza na buti. Ski mbovu utaivumilia siku mbili, buti mbovu itakurudisha chumbani saa tano asubuhi.

Hiyo 42 iache kwanza. Buti za ski hupimwa kwa sentimita za unyayo. Simama kisigino kikigusa ukuta, uzito wote ukiwa juu ya mguu huo, weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, pima. Ukipata sm 26.5 basi buti yako ni 26.5. Pima miguu yote miwili, ufuate ule mrefu.

Wanaoanza karibu wote hukosea hapo hapo: wanaomba kubwa kidogo ili mguu upumue. Buti kubwa mguu unaogelea ndani, unakaza bizimu hadi damu inakatika, vidole vinakufa ganzi, halafu unalaumu baridi. Namna ya kuhakikisha: toa kile kiatu laini cha ndani, ingiza mguu kwenye gamba tupu la plastiki, sogeza vidole hadi viguse mbele, kisha angalia nyuma ya kisigino. Nafasi ya vidole viwili vya mkono, kama sm 2, inamtosha anayeanza. Vikiingia vitatu, rudisha.

Kuvaa nako kuna utaratibu. Soksi moja tu, ndefu, nyembamba, ya sufu au sintetiki. Soksi mbili hujikunja na kukata. Taiti ya ndani ikomee juu ya buti, isiingie. Ingiza mguu, piga kisigino chini mara mbili tatu kirudi nyuma kabisa, funga kwanza bizimu inayopita juu ya kifundo, halafu za kwenye muundi, mwisho zile za vidoleni, na hizo usikaze, zishike tu. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti vitajivuta nyuma vyenyewe. Vikibaki vimebanwa hata ukikunja, ni ndogo.

Kaa nazo dakika kumi palepale unapokodi. Maumivu ya kuchoma sehemu moja hayatapungua mlimani, yataongezeka.

fundi_baindingi:
Naendelea. Ski ya anayeanza iwe kati ya kidevu na pua yako. Kwa sm 172 omba 150 hadi 160. Ndefu zaidi inakimbia na haigeuki.

Fimbo: igeuze juu chini, ishike chini ya kile kisahani, kiwiko kiwe pembe mraba. Basi.

Baindingi ndiyo kifaa kinachokushikisha kwenye ski na kukuachia ukianguka. Fundi ataiseti namba ya DIN, yaani kipimo cha nguvu inayohitajika ili iachie, kwa kutumia uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti kwa milimita na aina yako ya mtelezaji. Usidanganye popote. Ukijitaja mzito kuliko ulivyo, au mtaalamu ili usionekane mshamba, chuma hakitaachia wakati goti linazunguka. Ukipunguza kilo kwa aibu, ski itachomoka katikati ya kona bila sababu. Wewe sema aina ya kwanza, yaani mwangalifu. Na ukibadilisha buti siku ya pili kwa sababu zinauma, rudi na ski pia ipimwe upya. Soli ikitofautiana hata kwa milimita chache, baindingi ya jana haifai tena. Watu wengi hawalijui hili, na usitegemee kila kijana wa kaunta akukumbushe.

Bahari_Kuu:
Mwalimu wa nini? Ski ni kama baiskeli, rafiki anakushika mkono nusu saa umemaliza. Hela ya mwalimu weka kwenye lifti za kukupandisha mlimani.

mwalimu_wa_mteremko:
Bahari_Kuu, baiskeli ina breki ya mkono. Kwenye ski breki ni miguu yako mwenyewe, na ndicho kitu cha kwanza usichokuwa nacho. Rafiki anayejua anatelezea bila kufikiri, hawezi kukwambia anafanya nini. Isitoshe naye kaja wikendi hiyo hiyo, baada ya nusu saa atataka kupanda juu, na atakuchukua kwenye njia "rahisi tu" ambayo kwako ni ukuta.

Msomi, ratiba yako iwe hivi. Ijumaa usiku au Jumamosi asubuhi mapema chukua vifaa. Jumamosi asubuhi darasa la kikundi la saa mbili au tatu. Mchana rudia yale yale kwenye uwanja wa wanaoanza. Jumapili asubuhi darasa la pili ukiweza, kisha njia ya kijani au ya bluu pamoja na wenzako. Usinunue tiketi ya milima yote Jumamosi. Maeneo mengi yana tiketi ya bei ndogo ya lifti za wanaoanza tu, na mengine huacha ule mkanda wa kutembea (unaotembea wenyewe na kukupandisha) uwe wa bure. Siku ya kwanza hutaimaliza hata hiyo.

Rangi za njia: Ulaya ni bluu rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ngumu. Ufaransa na baadhi ya nchi zinaanza na kijani chini ya bluu. Amerika Kaskazini ni duara la kijani, mraba wa bluu, almasi nyeusi. Kwa hiyo "bluu" ya mwenzako aliyesoma Kanada si bluu yako.

mwalimu_wa_mteremko:
Mbinu yenyewe, usome kabla hujafika.

Jiulize: nikimwaga ndoo ya maji hapa, yataelekea wapi? Huko ndiko ski itakakotaka kwenda wakati wote. Ukitaka kusimama bila kuteleza, ski zote mbili ziukate huo mkondo wa maji. Ukitaka kwenda, zielekeze taratibu upande wa maji.

Breki ya kwanza ni kipande cha pizza. Ncha za mbele zikaribiane, ziachane kama upana wa ngumi bila kupandana, mikia uisukume nje kwa visigino. Kadiri mikia inavyopanuka ndivyo unavyopunguza mwendo. Muundi uegemee ulimi wa buti mbele muda wote. Hapa ndipo kila mtu anaharibu: mwili ukiogopa unarudi nyuma, na ukikalia nyuma ncha za ski zinapungukiwa uzito, hazishiki theluji, mwendo unaongezeka, unaogopa zaidi, unazidi kukaa nyuma. Ukiona mtu anakwenda kasi kama amekaa kwenye kigoda, ndiyo hiyo. Dawa yake ni mikono mbele, uione yote miwili kwa pembe ya macho, kama umebeba sinia.

Kugeuka: ukiwa kwenye pizza, kandamiza mguu wa kushoto, utakwenda kulia. Kandamiza wa kulia, utakwenda kushoto. Kichwa kinakataa mwanzoni, kinataka kuegemea upande kinaotaka kwenda. Kikatalie.

Ukiona unaanguka, anguka kwa ubavu, nyonga na paja upande wa mlima, usikae katikati ya ski kwa nyuma. Na ukishaanza kuserereka usijaribu kuinuka kabla hujatulia kabisa. Ligamenti ya mbele ya goti, yaani utepe unaoshikanisha mifupa yake, mara nyingi hukatika kwa hayo mawili.

Kuinuka: jigeuze hadi ski ziwe upande wa bonde, sambamba, zikiukata mkondo wa maji. Vuta magoti karibu na nyonga, sukuma ardhi kwa mkono wa upande wa mlima. Ikishindikana, vua ski ya juu kwa kubonyeza kile kisigino cha baindingi kwa ncha ya fimbo, simama, kisha ivae tena. Unapovaa kwenye mteremko anza na ski ya upande wa bonde, na kwangua theluji yote chini ya soli kwanza. Donge dogo tu linatosha baindingi isifunge sawasawa, halafu ikachomoka kwenye kona ya kwanza.

Msomi_Ughaibuni:
Asante sana wakuu. Hili la maji limeniingia. Mavazi je? Nina jinzi, sweta la pamba na koti la kawaida la baridi.

Dada_Kipupwe:
Jinzi acha chumbani, mdogo wangu. Utaanguka mara thelathini siku ya kwanza, theluji itayeyuka kwa joto la mwili, pamba itakunywa hayo maji yote na haitakauka hadi jioni. Ukikaa kwenye kiti cha lifti na upepo, jinzi inageuka ubao.

Tabaka tatu. La ndani linabana mwili, sufu ya merino au poliesta. La kati la kutunza joto, flisi inatosha. La nje la kuzuia maji na upepo. Kwenye lebo tafuta kipimo cha kuzuia maji cha mm 10,000 au zaidi. Suruali ya ski ndiyo muhimu kuliko koti kwa anayeanza, kwa sababu utakuwa umekaa chini muda mwingi. Kodi au azima, vyama vya wanafunzi mara nyingi vina za kuazimisha. Koti lako la kawaida linaweza kupita kama halipitishi maji. Glavu za sufu hazifai, zinalowa. Chukua zisizopitisha maji, na kama vidole vyako hushikwa na baridi upesi, chukua zile za kidole gumba peke yake na vinne pamoja. Zina joto zaidi. Kizuia upepo cha shingoni badala ya skafu, maana skafu inaning'inia na kunaswa kwenye lifti.

Halijoto hushuka wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo usivae kwa kuangalia hewa ya kijijini chini.

Sasa jambo ambalo hutaliona kwenye maelekezo ya chama: nywele. Helmeti hukaa moja kwa moja kichwani, bila kofia chini yake, na haikai juu ya mafundo, rasta zilizofungwa juu wala wigi. Ikiinuka kidogo tu haikingi chochote. Suka zilale bapa, au rasta zishuke nyuma ya shingo zifungwe chini. Ukienda kukodi helmeti nenda na nywele zile zile utakazotelezea. Ukitikisa kichwa bila kufunga mkanda, ngozi ya paji la uso isogee pamoja nayo.

Nesi_wa_Zamu:
Nakazia ya Dada_Kipupwe na kuongeza ya mwili.

Jua. Mionzi ya UV huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi inayoipiga. Yaani unachomwa kutoka juu na kutoka chini. Ngozi nyeusi nayo huungua, hasa chini ya kidevu, puani na midomoni. Paka krimu ya SPF 30 au 50, rudia kila baada ya saa mbili. Macho yakikaa wazi siku nzima, maumivu yanakuja jioni, saa kadhaa baadaye, kama umemwagiwa mchanga. Miwani ya theluji: kioo cha daraja S3 kwa jua kali, S1 kwa mawingu na ukungu. Ukikodi moja tu, chagua S2.

Baridi ya kuua ngozi. Kwa weupe wanaambiwa watazame doa jeupe. Kwetu hilo halionekani hivyo. Tazama ngozi iliyopauka kama majivu, ngumu kidogo, isiyohisi mguso: ncha ya pua, masikio, mashavu, vidole. Ingia ndani, pasha kwa kiganja au kwapani. Usisugue, na usisugue kwa theluji hata akikwambia nani. Kujipaka mafuta mazito usoni hakuzuii baridi, ingawa wengi tunaamini hivyo.

Kidole gumba. Ukianguka na fimbo mkononi, mpini unakivuta gumba nje na ligamenti inachanika. Achia fimbo unapoanguka. Wanaoanza wateleze bila kuvaa kile kikamba cha mkono.

Maji kunywa, hewa ya juu ni kavu. Pombe ya mchana acha. Inapanua mishipa ya ngozi, unahisi joto huku mwili unapoteza joto.

mpanda_lifti:
Lifti zinaogopesha kuliko mteremko, basi nazieleza.

Mkanda wa kutembea: ingia ski zikiwa sambamba, simama tuli, usitembee juu yake.

Lifti ya kisahani, ile ya kuvutwa: kamata nguzo, pitisha kisahani katikati ya mapaja, halafu USIKAE. Inakuvuta, haikubebi. Ukikaa, waya unarefuka na unajikuta chini. Ukianguka achia mara moja na uhame njia, aliye nyuma yako anakuja.

Lifti ya viti: vikamba vya fimbo vitoke mkononi, begi lije mbele kifuani, nywele na mikanda visining'inie. Sogea hadi mstari, tazama nyuma juu ya bega, kaa kiti kikikugusa magoti. Shusha chuma cha usalama. Ukikaribia kituo cha juu, ncha za ski ziinuke, simama kwenye alama, jiachie uteremke moja kwa moja mbele, usigeuke papo hapo. Ukimwambia mhudumu "ni mara yangu ya kwanza" hupunguza mwendo. Hakuna anayecheka.

Kadi ya lifti weka mfuko wa kushoto, peke yake. Mageti mengi husoma upande huo, na simu au kadi ya benki ikiwa mfuko mmoja nayo huvuruga. Simu yenyewe mfuko wa ndani karibu na mwili. Betri huzimika kwa baridi hata ikiwa imebaki nusu.

Na angalia saa ya lifti ya mwisho. Milima mingi hufunga kati ya saa kumi na saa kumi na nusu jioni. Ukiwa umevuka bonde la pili na lifti ya kurudi imefungwa, hapo ni teksi ya kuzunguka mlima mzima. Ukijikuta juu na njia imekuzidi, uliza kama gondola (lifti ya vijumba vilivyofungwa) inashusha watu. Nyingi hushusha.

karani_wa_safari:
Kuhusu mpaka: kama kibali chako cha ukaazi kimetolewa na nchi ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), unaruhusiwa kukaa nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Beba pasipoti halali na kadi yenyewe, picha kwenye simu haitoshi. Mabasi ya usiku husimamishwa. Uswisi haiko Umoja wa Ulaya lakini iko Schengen, hamna shida. Nchi ndogo ya Andorra ndiyo mtego kwa wanaokwenda milima ya Pyrenees: haiko Schengen, na unaifikia kupitia Ufaransa au Hispania tu. Mwenye viza ya kuingia mara moja akishatoka hawezi kurudi.

Bima: fungua mkataba wa bima yako ya mwanafunzi, tafuta "michezo ya majira ya baridi". Nyingi huitenga. Unahitaji vitu vitatu: matibabu, uokoaji mlimani pamoja na helikopta, na dhima kwa mtu utakayemgonga. Kadi ya afya ya Ulaya, EHIC, hailipii uokoaji wa mlimani. Italia, tangu tarehe 1 Januari 2022, bima ya dhima ni sharti kisheria kwa kila anayeteleza kwenye njia zake, na mara nyingi inauzwa dirishani pamoja na tiketi.

mwalimu_wa_mteremko:
Sheria za njiani zipo kumi, za FIS, shirikisho la kimataifa la ski, na mahakama za Ulaya huzitumia kuamua nani alaumiwe. Inayokuhusu zaidi: aliye chini yako ana haki ya njia, wewe wa juu ndiye wa kumkwepa. Ukisimama, simama pembeni, pale unapoonekana kutoka juu, si nyuma ya kilima. Ukigongana, huruhusiwi kuondoka. Saidia na mbadilishane majina.

Mtu akiumia: chomeka ski mbili mkao wa X, hatua kadhaa juu yake, ili wanaoshuka waone. Piga 112 Ulaya, taja jina la njia na namba iliyo kwenye nguzo ya pembeni iliyo karibu. Usimvue buti, buti inashikilia mguu.

Na usitoke nje ya nguzo hata kama unaona alama za wenzio zimeingia msituni. Hatari ya maporomoko ya theluji hupimwa daraja 1 hadi 5, na vifo vingi hutokea siku za daraja la 3, kwa sababu watu huona namba ya katikati wakadhani ni wastani.

kijana_wa_ubao:
Na anayetaka snowboard badala ya ski?

fundi_baindingi:
Kwa wikendi moja, ski. Ubao siku mbili za mwanzo ni kuanguka matakoni na viganjani tu, unaanza kuufurahia siku ya tatu ambayo nyie mko kwenye basi. Ukiung'ang'ania, vaa vikinga vifundo vya mikono, na uanguke kwa ngumi iliyofungwa na kiwiko kilichokunjwa, usinyooshe kiganja.

Msomi_Ughaibuni:
Nimeelewa wakuu, nimeandika yote. La mwisho: Jumamosi usiku vifaa naviacha wapi?

fundi_baindingi:
Ski kwenye chumba cha ski cha hosteli. Buti panda nazo ndani, penye joto, toa kile kiatu cha ndani kikauke, lakini usikiweke juu ya hita. Asubuhi plastiki ikiwa ya baridi haifunguki na mguu hauingii. Ukishazivua funga bizimu kilegevu ili gamba lisipinde.

Mchana mkisimama kula, usiziache ski zako mbili pamoja. Moja weka rafu hii, nyingine rafu ile. Ski za kukodi zinafanana zote, mtu akiondoka na jozi yako kwa bahati mbaya utalipa wewe. Piga picha namba iliyobandikwa juu ya ski na ile ya buti mara tu unapokabidhiwa, na Jumapili rudisha kabla ya saa kumi, maana kwa foleni ya baada ya hapo, basi la chuo halitakusubiri.